Muuguzi wa Mirija

Muuguzi wa wodi ya moyo akiingia, anaamkia mirija kabla ya watu. Ule unaotoa damu kifuani kwa baba, aliyepasuliwa moyo jana, anaunyoosha usijikunje, kisha anaupapasa taratibu huku akiguna. "Dada, huo mrija ungekuwa mchumba mngeshafunga ndoa," nilimtania. Hakucheka. Leo damu iliacha kushuka kwenye chupa, mama akapiga kigelegele: "Imekata! Baba yenu amepona!" Muuguzi akaubonyeza mrija, akabadilika rangi. "Haijakata, mama. Imeganda ikaziba mrija, sasa inajaa kifuani na kuubana moyo." Sauti yake haikupanda, ila tayari alikuwa akibonyeza kengele ya kuwaita madaktari. Walipomkimbiza baba kupasuliwa tena, mama akamuuliza muuguzi, "Atarudi?" Muuguzi akamsogezea kiti. "Kaa kwanza, mama."