Ukanda wa Kinu cha Gitothua

Nilitoka Lodwar nikafika Thika baada ya siku mbili barabarani, vumbi la Turkana likiwa bado kwenye mishono ya begi. Nilikuwa nimehama kazi nyingi. Hii nikaiona nyepesi: kurekodi jinsi watu wanavyoongea. Siku ya kwanza Mtafiti Mkuu alinipa kinasasauti kidogo na swali moja.

"Ukimwambia mtu aongee, ataongea kama anasoma matangazo kanisani," alisema. "Muulize siku aliyodhani atakufa. Hapo atakisahau hicho kifaa."

Tuliliita swali la hatari. Huko Kalimoni, wazee walianza kwa Kiswahili kilichonyooka, lakini wakifika kwenye hadithi ya nyuki au mafuriko, lafudhi, yaani matamshi ya nyumbani, iliwarudia yenyewe.

Gitothua, mtaa wa Ruiru, kando ya kinu cha kusaga unga, nilimpata muuza mboga nitakayemwita Wanja; si jina lake. Alinisimulia alivyofungiwa ndani na mumewe, na mafuta ya taa yakamwagwa mlangoni. Alitorokea dirishani na binti yake mgongoni.

"Na hii haitoki hapa, sindio kaka?"

"Haitoki, mama."

Hatua ya pili ilikuwa zoezi la kusikiliza. Tulikata majina na hadithi, tukabakisha vipande vya kawaida, kisha wageni wakakisia msemaji ni wa wapi. Katika kipande cha Wanja alikuwa akimsifia mteja sukuma wiki. Niliamini sauti isiyo na jina haina mwenyewe.

Thika, nyuma ya soko, mafundi watano walisikiliza wakicheka. "Huyu ni wa Nyeri, ona vile anabembeleza!" Mmoja, mwenye ovaroli ya buluu, hakucheka.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Huyo hata akikohoa namjua. Umemtoa wapi?"

"Nairobi," nikasema.

"Nairobi?" Akasogeza sikio. "Nyuma yake kuna kinu cha posho. Ukanda umelegea, unapiga ta-ta, ta-ta. Mimi ndio hutengeneza hizo, boss. Nitakipata."

Nilikimbilia Ruiru bila kufunga begi. Wanja alikuwa akichambua mboga za managu. Nilimweleza yaliyotokea.

"Ovaroli ya buluu?"

"Ndiyo."

"Bado anaivaa." Alifunga shuka lake na kumwita binti yake. "Uliniambia haitoki." Hakuniambia wanaelekea wapi, nami sikuuliza.

Msimamizi wa Kanda alisoma taarifa yangu mara mbili. "Hukutaja jina wala mahali," akasema. "Kanuni hukuvunja." Nilimwomba afute sauti ile kila ilipohifadhiwa. Nikasimama nyuma ya kiti chake hadi ikafutika, kisha nikaweka kifaa mezani.

Tangu hapo nimefanya kazi nyingine, lakini mashine yoyote ikipiga ta-ta, mimi hugeuka kuangalia ni nani anayesikiliza. Vijana mnaobeba vinasasauti leo, kabla hamjaahidi mtu, sikilizeni kilicho nyuma ya sauti yake.

Siku niliyoondoka Thika kabisa nilipitia Gitothua. Kibanda kilikuwa kitupu. Mlangoni pa kinu, mtu wa ovaroli ya buluu alikuwa amepiga goti, spana mkononi.

"Sema, boss," akasema, bila kuinuka. "Mama wa mboga alienda wapi?"

Kwa muda wote wa kazi ile, nilikuwa nikiona aibu nikikosa jibu. Siku hiyo nilishukuru.

"Sijui," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Akaendelea kukaza ukanda, akikiwasha kinu kila mara kuujaribu. Nilitembea hadi stejini kupanda matatu, nikiusikia mlio ule ukififia, kisha ukanyamaza.