Wanautaka Mkono Wangu Kumkalisha Kaka Kitini

Mhariri, lifiche jina langu, maana Kivinje ni mji mdogo na ndugu zangu wana midomo. Nina miaka ishirini na minane, ni karani wa boma, nimesoma hadi sekondari. Kaka yangu, mchuuzi wa ng'onda, samaki wakavu, amenizidi miaka sita. Tumezaliwa wawili tu.

Tangu mfungo uliopita moyo wake unapiga ovyo: unakimbia, unaruka pigo, unakimbia tena. Nyumbani wakasema ni pepo. Mimi nilichukua saa na shajara yangu, nikaandika kila siku aliyobanwa na alichokunywa kabla yake. Karibu kila mara palikuwa na tembo.

Nikampeleka kwa daktari Lindi, shajara kwapani, nikijiona mjuzi. Daktari akaisoma, akasema tembo huuchokoza moyo, lakini huenda chanzo ni cha zamani. Akauliza kama kwetu kuna aliyekufa ghafla, akampapasa shingo kutafuta rovu, ule uvimbe wa tezi, kisha akauliza kama utotoni aliugua homa ya kuvimba viungo. Kaka akasema ndiyo, magoti, akiwa na miaka kumi na miwili. Akapewa vidonge, asikose hata siku moja.

Sasa sikieni upumbavu. Shangazi, asiyejua hata umri wake, ameleta fundi wa pepo, mtu ambaye akiingia nyumbani hutazama mbuzi kabla ya mgonjwa. Fundi kasema pepo huchukia dawa ya hospitali: viachwe vidonge siku saba, kisha ngoma. Watu wazima wenye ndevu wakaitikia kama kondoo. Na kwa desturi yetu mgonjwa hakai kwenye kiti cha pepo mpaka ndugu wa tumbo moja amshike mkono na kumkalisha. Ndugu huyo ni mimi.

Nilimwambia kaka kwamba sishiriki ujinga. Hakukasirika. Alisema, "Mdogo wangu, magoti haya yalivimba nikikubeba mgongoni kila siku kwenda kwa mwalimu. Mimi leo nakuomba mkono tu."

Siku hiyo sikuandika kitu katika shajara.

Nikikataa, ameapa atavitupa vidonge vyote na hatanijua tena. Nikikubali, ni mimi nitakayemkalisha na moyo usio na dawa siku saba. Ngoma ni mwezi ukiandama. Wasomaji, nishaurini mapema: mkono huu niutoe, au niuzuie?