Siku Mkulo Ulipoanguka Juu ya Chemchemi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi milimani Upare, juu ya kijiji nilichozaliwa. Kulinda msitu ugenini ni kazi. Kuulinda kwenu ni kitu kingine kabisa, maana kila mwenye shoka unamfahamu.

Asubuhi moja ya ukungu nilisikia msumeno upande wa chemchemi, ile inayojaza ndiva yetu, bwawa tulilokuwa tukifungulia maji ya mashamba. Mbega waliokuwa wakishinda pale walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya korongo. Niliteremka mbio huku nikiteleza kwenye majani mabichi.

Wapasuaji mbao wawili, wageni waliotoka mashamba ya mkonge, walikuwa wakivutana msumeno kwenye shina la mkulo, mti unaonukia kafuri, mnene kiasi kwamba watu watatu wasingeuzunguka kwa mikono. Aliyekuwa akiwasimamia ni kaka yake mama yangu.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

"Marahaba. Umekuja kusaidia?"

"Kibali kiko wapi?"

"Mkutano wa kijiji ndio kibali. Shule haina paa, watoto wananyeshewa. Wewe hujui? Ulisomea chini ya nyasi zilezile zinazovuja."

Nilijua. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na hakuwa mwizi. Hata mbao moja asingepeleka kwake. Lakini nilijua pia kwamba mikulo mikubwa karibu na maji ilikuwa imebaki michache, na ukitoa mmoja, jua linaingia mpaka kwenye tope la chemchemi, na maji yanaanza kukauka.

"Waambie waache."

"Endeleeni," aliwaambia.

Msumeno ukaendelea. Sikuwa na bunduki, nilikuwa na panga tu, na nisingeweza kumwinulia mjomba panga. Nikazunguka shina, nikaenda kusimama upande ambao mti ungelalia. Sikufikiri. Nilidhani nikisimama pale wataacha, basi.

Kweli wakaacha. Wapasuaji wakautoa msumeno na kurudi nyuma. Lakini upepo ulipita juu, nikasikia mti ukilia ndani, mlio mfupi kama mfupa unaovunjika. Tulikuwa tumechelewa wote.

"Toka hapo!" mjomba alipiga kelele. "Toka, mtoto wa dada!"

Sikutoka. Nilikuwa nikitazama juu, nikiona ukungu unachanika. Yeye ndiye aliyekuja. Alinigonga kwa bega, nikabingirika mpaka kwenye maji, halafu ardhi ikaruka.

Nilipoinuka, mjomba alikuwa chini ya matawi. Tulimkuta hai, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Tulikata fito, tukafunga machela kwa kamba ya wapasuaji, tukamteremsha hadi zahanati. Njia nzima hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu, "Wewe umeumia?"

Jioni nilikaa na karatasi ya taarifa mbele yangu. Mama aliingia akasimama mlangoni.

"Utamwandika?"

"Mama, ndiyo kazi yangu."

"Aliyekutoa kifoni?"

Niliandika. Niliandika kwamba alikata bila kibali, na niliandika pia kwamba alivunjika mkono akiniokoa. Niliipeleka mjini Same kwa miguu na kwa lori, nikamkabidhi Bwana Misitu, mkuu wangu wa kazi. Aliisoma mara mbili bila kuniangalia.

Mjomba aliondolewa kwenye kamati. Hakufungwa. Mti uliolala haukuweza kusimamishwa tena, kwa hiyo Bwana Misitu aliamuru upasuliwe, mbao zikapewa shule. Watoto wakapata paa, na nadhani hilo ndilo lililowafanya wanakijiji waniangalie vibaya zaidi: paa limepatikana, mkono wa mtu umepinda, sasa mimi nilikuwa nimelinda nini?

Mama hakuniandalia chakula kwa muda mrefu. Mjomba mwenyewe hakunisema popote. Alijifunza kupalilia kwa mkono wa kushoto.

Nami nilirudi msituni. Pale chemchemi palikuwa na tundu kubwa la anga, na jua la mchana lilikuwa likipiga mawe ambayo sikuwahi kuyaona makavu. Mbega walikuwa ng'ambo ya pili. Walifika mpaka ukingoni mwa ule uwazi, wakatazama umbali ambao sasa haukuwa na tawi la kurukia, wakageuka.