Redio Haina Mdogo Wake

Mwenye duka la kona nyuma ya soko la Kasulu, yule mzee wa kisiwa cha Mafia niliyewahi kumlalamikia katika safu hii, amefariki dunia. Habari zenyewe nilizipata kwa namna iliyomfaa. Nilikwenda asubuhi kununua sukari, nikakuta mlango umefungwa na wateja wamesimama barazani wananung'unika kwamba leo mzee kazidisha, hali ya bahari anajisomea ndani peke yake. Ndipo jirani yake, muuza vitenge, akaja kutuambia kwamba mzee alibanwa na kifua, akapelekwa hospitali, na alfajiri akakata roho. Mtu aliyetusimamisha foleni miaka yote hiyo, hata kifo chake kilitukuta kwenye foleni. Nimemlilia, lakini naomba nisilazimishwe kusema kwamba alikuwa hachoshi. Alikuwa anachosha sana.

Kasulu ni mji wa milima na vumbi jekundu. Ukitaka kuiona Bahari ya Hindi kutoka hapa ni lazima uvuke nchi nzima, na wengi wetu tutakufa bila kuonja chumvi yake. Mzee huyu aliletwa huku na biashara akiwa kijana, akaoa Kitahana kule Kibondo, akazeeka nasi, akaitikia salamu ya Kiha, "Mwakeye", kama mzaliwa. Lakini kila asubuhi, kabla hajakupimia hata nusu kilo ya mchele, ilikuwa lazima kwanza aeleze hali ya bahari kama ilivyotangazwa redioni. "Upepo wa kusi umekaza leo, wallahi. Mawimbi makubwa pwani yote ya kusini. Vyombo vidogo visithubutu." Kisha anachukua simu, anampigia mdogo wake kisiwani, nahodha wa boti ya mbao inayovusha abiria kwenda bara, na kumrudia yote yale kwa sauti ya kusikika hadi stendi. Sisi tumeshika pesa mkononi, watoto wanasubiri uji nyumbani. Ukiguna, anakuonyesha kiganja: subiri kwanza. Na utabiri wenyewe, kama mnavyojua, pwani huelezwa wimbi kwa wimbi, nyanda zetu zikaambulia sentensi moja mwishoni, tena mzee alikuwa haifikishi hata hiyo.

Mwaka mmoja, msimu wa kuanika maharage, mama mmoja wa Makere aliyekuja mjini kuuza ndizi alimsikia akitangaza upepo mkali na tahadhari. Hakungoja kusikia ni upepo wa wapi. Alipanda bodaboda, akarudi kwake mbio, akayazoa maharage yote yaliyokuwa kwenye turubai, yangali na unyevu, akayafunga kwenye magunia na kuyaingiza ndani. Jua likawaka siku zote zilizofuata, hata jani halikutikisika. Alipofungua magunia, maharage yalikuwa yamevunda. Akaja nayo hadi dukani, akayamwaga juu ya kaunta.

"Baba, nionyeshe wimbi," alisema. "Liko wapi hilo wimbi lililokuja Makere? Maana mimi nimeona jua tu."

"Mama, mie nilitaja pwani. Niliyekuwa nikimwambia si wewe."

"Basi sema polepole na huyo uliyekuwa ukimwambia!"

Tulicheka hadi machozi. Mzee akampimia maharage mengine kutoka kwenye magunia yake ya kuuza, akamwomba radhi. Kesho yake asubuhi akatangaza bahari vilevile, hakupunguza hata neno, ila mwisho akaongeza: "Makere, anikeni."

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mdogo wake ana redio kama yeye, tena anaishi ufukweni na mawimbi anayaona kwa macho. Yeye aliyeko Kasulu, kwenye migomba, anamwambia nini asichokijua? Mzee hakukasirika. Alifunga mfuko wa sukari yangu taratibu, kama kawaida yake ya kukuchelewesha, akanijibu.

"Mwanangu, nahodha akisema hasafiri kwa sababu ya redio, abiria wanamcheka. Wanamwita mwoga, wanahamia boti ya mwenzake. Kwa hiyo atasafiri tu, hata kama anaona kabisa anakwenda kuzama. Lakini akisema kaka yake mkubwa kamkataza, nani atamcheka? Kwetu la kaka halijadiliwi. Basi kazi yangu mie ni kukataza. Redio inajua kila kitu, lakini redio haina mdogo wake. Na siku ya bahari shwari nampigia vilevile, sauti yangu asiizoee kwa mabaya tu."

Nilitoka pale nimekereka kuliko nilivyoingia. Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tumewashika neno kwa neno: walisema la mkuu, hawakusema la redio. Nchi inapeleka vijana kusoma mambo ya mawingu na upepo, inanunua mitambo, habari inafika hadi kwenye simu ya muuza karanga, halafu habari hiyo inasimama mlangoni kungoja mtu mwenye heshima aje kuishika mkono na kuiingiza ndani. Wala tusiwacheke watu wa visiwani. Hapa kwetu bwana shamba hutuambia tusikimbilie kupanda kwa mvua ya kwanza, tunatikisa vichwa kwa adabu na kwenda kupanda. Akisema shangazi usipande, jembe linarudi ukutani. Mbegu hazijui nani kasema, wala wimbi halijui, lakini sisi tunataka kwanza tujue kasema nani.

Mzee tulimzika siku ileile alasiri. Kesho yake asubuhi, tukiwa bado matangani, mjane wake aliniita mlangoni na simu mkononi. Shemeji yake, yule nahodha, alikuwa ameazimia kuvuka kwa boti yake mwenyewe ili aitafute Kasulu na kuwahi hitima, na redio ilikuwa imesema bahari imechafuka. "Mpigie wewe," akaniambia. "Ndiwe uliyekuwa ukibishana na mzee kila siku, maneno yake umeyashika." Kweli nilikuwa nimeyashika. Nikapiga. Nyuma ya sauti ya nahodha nilisikia mashine ikinguruma. Nikayasema yote, upepo wa kusi, mawimbi makubwa, vyombo vidogo visithubutu.

"Wewe nani?"

"Jirani wa kaka yako, wa Kasulu."

"Ahsante, jirani. Hayo nimeyasikia redioni."

Nilikuwa na utabiri wote mdomoni na haukunifaa kitu. Mjane akaninyang'anya simu.

"Shemeji, mimi mke wa kaka yako. Mahali pake nimebaki mimi, na mimi nakukataza. Zima mashine."

Mashine ikazima. Halafu tukamsikia mtu mzima akilia kwa sauti, na katikati ya kilio akisema, "Kumbe kweli kaka kaenda." Habari ya kifo alikuwa nayo tangu jana. Nadhani aliiamini pale alipokatazwa na sauti nyingine.

Boti ya mwenzake iliondoka asubuhi ileile. Abiria walilowa, wakatapika, wakafika bara salama. Hitima ikasomwa bila yeye. Tangu siku hiyo nahodha hunipigia simu kunilaumu kwamba mimi na shemeji yake tulimnyima kumsomea kaka yake aliyemlea, na kwa nini, kwa bahari ambayo wenzake waliivuka! Sina cha kumjibu, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, na ndilo fundisho nililobaki nalo kwa mzee. Onyo likitiiwa halibakizi ushahidi. Aliyekatazwa hurudi nyumbani mkavu na kuona kakatazwa bure, na aliyekataza huonekana mzushi. Kazi hiyo inamtaka mtu aliye tayari kuonekana hivyo kila siku na kesho yake akataze tena, na mzee aliifanya mbele ya foleni ya watu tuliokuwa tukiguna. Juzi nahodha kapiga tena. Kafoka, kanishutumu, kaniita mtu wa bara nisiyejua bahari. Nikamwacha amalize yote. Mtu aliyezama halaumu mtu.