Frimasoni wa Chumba cha Juu

Mwaka ule nilikuwa nimekwishahama vyumba vitano London nzima, na cha sita, pale Rayners Lane, nilikipenda kuliko vyote. Dirisha lake lilitazama njia ya treni, na mwenye nyumba, mjane wa Kipemba niliyemwita Bi Mkubwa, alipika kila siku kama anayetarajia wageni. Nusura nikikose kwa sababu ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja kabla.

Mtu huyo nilimnunua Jumapili moja Harrow, kwenye uwanja ambako Waingereza hufungua buti za magari na kuuza vitu vya marehemu wao. Alikuwa ndani ya sanduku la bati: picha yake, barua, daftari, na aproni ya ngozi nyeupe yenye mchoro wa jicho na bikari. Muuzaji alitaka kuyatupa makaratasi aniuzie sanduku tupu. Nikamzuia. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo siwezi kupita karatasi yenye maandishi bila kuisoma, hata iliyofungiwa karanga.

Mtu wangu alikuwa wakala wa reli katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, enzi za treni za makaa. Alianza kwa kubeba mizigo, akapanda hadi akakabidhiwa stesheni nzima: tiketi, mifugo, vifurushi na malalamiko. Nguruwe mmoja alitoroka behewa la mizigo akaingia daraja la kwanza, akakalia kofia ya bibi mmoja. Barua za kesi hiyo peke yake zilijaza bahasha. Bibi hakutaka fidia, alitaka aombwe radhi, na hakusema na nani.

Jioni, akishavua kofia ya reli, wakala alivaa aproni. Alikuwa mkubwa wa Mafrimasoni wa mji ule, mwenye kiti cha mbele na nyundo ya kugongea meza. Alipofariki, wenzake waliandamana na aproni zao, na treni ya mchana ikasubiri mpaka jeneza lipite. Mtu ameandika mwishoni mwa daftari kwamba marehemu asingeruhusu uchelewaji ule.

Nilimpenda. Nikatundika picha yake ukutani na aproni pembeni, nikaenda kazini.

Sasa, kwetu Frimasoni si mtu wa kutundikwa. Kwetu Frimasoni ni tajiri mwenye joka kabatini, ambaye kila mwaka humtoa kafara ndugu mmoja. Niliporudi nilimkuta Bi Mkubwa chumbani na chetezo cha ubani, anafukiza pembe hadi pembe. King'ora cha moshi kikaanza kulia darini.

"Unamsikia?" akaniuliza, ametulia kabisa. "Hataki kutoka."

Nilijaribu kumweleza habari za moshi na betri. Hakunisikiliza. Tangu sanduku liingie, alisema, goti lake limevimba. Atakuja kaka yake Jumamosi aamue, na akiamua vibaya nitoke mimi na mzee wangu.

Kaka yake alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye stesheni moja upande wa Harrow. Tulikaa sebuleni, picha juu ya meza imefunikwa kanga ili isitazame chakula. Akaniuliza kama nina gari. Sina. Nyumba huko kwetu? Sina. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda.

"Dada, kama huyu ni Frimasoni, basi wamemdhulumu."

"Ndiyo kwanza anaanza," Bi Mkubwa akasema. "Na wa kuanza naye ni mimi."

Nikaomba niwasomee maisha ya yule mtu. Nilipofika kwa nguruwe, mkaguzi alinisimamisha akataka kujua nani alifunga mlango wa behewa. Mlinzi wa treni, nikamwambia. Basi kosa ni la mlinzi, akasema, wakala hana hatia, na akaniamuru nirudie majibu yake kwa yule bibi wa kofia.

"Siulizi habari za nguruwe," Bi Mkubwa akamkata. "Nauliza, wakishafunga mlango na maaproni yao, walifanya nini?"

Nikafungua daftari kwenye kurasa za vikao. Sikuwa na lingine. Nikasoma: supu vuguvugu, kondoo mgumu, viazi vibichi. Kikao kilichofuata: viazi vibichi tena, nimezungumza na mpishi. Kingine: viazi afadhali, chumvi hakuna. Kurasa na kurasa.

"Rudia hapo pa viazi," akasema.

Nikarudia.

"Na miaka yote hiyo walikula tu?"

"Walikula, wakahutubiana, wakaenda kulala."

 Bi Mkubwa akafunua kanga, akamtazama mzee usoni.

"Mtu aliyeuza roho yake," akasema, "angalau angepewa chakula kilichoiva."

Mkaguzi akasema kesi imekwisha, akavuta sinia karibu. Hukumu yenyewe aliitoa dada yake: aproni irudi sandukuni, picha ibaki, ila kila Alhamisi jioni, kabla hajasoma Yasini, mzee ageuzwe aangalie ukuta.

Nilikaa chumba kile miaka minne, muda ambao sijawahi kukaa popote pengine. Alhamisi sikusahau hata moja. Niliyoisahau ni Ijumaa ya kumrudisha, na mara nyingi nilirudi kazini nikakuta Bi Mkubwa amekwishampandia na kumgeuza, asije akachoka ukuta.