Uzee Wangu wa Kwanza

Nilianza kuzeeka nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Kikundi chetu cha maigizo pale Sumbawanga kilikuwa na vijana tele wa kuigiza mashujaa, wote wazuri wa sura. Mimi nilikuwa na miguu myembamba na sauti nzito, basi nikapewa mkongojo na kupakwa unga kichwani uwe mvi. Sikununa. Shujaa hupigiwa makofi mwishoni, lakini mzee akikohoa tu ukumbi mzima unacheka, na kicheko mimi nakipenda kuliko ugali.

Aliyenuna ni mama. Alinisomesha kwa taabu niwe mwalimu, nami nikaacha ualimu kwa ajili ya jukwaa. "Mtu mzima unajipaka unga wa kupikia!" alikuwa akilalamika, na hakuwahi kuja kututazama. Siku moja akachoka kubishana, akaniwekea sharti. Angekuja mara moja tu. "Nikiona kazi, nitakubariki. Nikiona mchezo, unarudi kushika chaki." Wapo watakaocheka, lakini bila radhi ya mama mimi siendi popote. Jambo hilo naliogopa hadi leo.

Basi wakapanda kwetu Ufipa watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, wanatengeneza picha kuhusu kijiji cha ujamaa. Walihitaji mzee mkaidi asiyetaka kuhamia kijijini, wakanichagua. Kazi ilifanyika karibu na Kaengesa, kijijini kwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama.

Siku ya kwanza niliaibika. Jukwaani nilizoea kumsemesha mtu wa benchi la nyuma, kwa hiyo nilifungua koo, nikatetemeka mwili mzima, nikatoa kikohozi changu maarufu. Mwongozaji akasimamisha kamera.

"Ndugu, unazungumza na mwenyekiti wa kijiji, au unawaita watu wa Namanyere?"

Wote wakacheka, na safari hii kicheko hakikuninogea. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mkanda wa filamu ni mchache. Nikishindwa kesho, atamtafuta mwingine.

Jioni nilikwenda kukaa ukingoni mwa shamba la mjomba, nikamtazama akipiga matuta. Hakutetemeka hata mara moja. Uzee wake ulikuwa katika jambo dogo tu: kabla ya kuinuka alisubiri kidogo, kama mtu anayeyaomba magoti ruhusa. Nikaiba hilo. Mkongojo nikauacha kwake.

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa nyumba ya udongo, mwenyekiti wa kuigiza akinibembeleza, mimi simjibu, namtazama tu. Kamera inakwenda, mambo yanaiva. Mara mjomba akatokea nyuma ya kamera na kibuyu cha togwa, amekuja kuniona. Macho yetu yakakutana. Kabla sijafikiri lolote nilikwishapiga goti, nakutanisha viganja taratibu, makofi yale ya heshima ambayo Mfipa aliyelelewa humpigia mkubwa wake. Mkaidi wa miaka sabini, nimepiga goti mbele ya kamera! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nani amekuambia upige goti?" mwongozaji akauliza.

"Mjomba," nikajibu, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Akamtazama mjomba na kibuyu chake, akanitazama mimi, akafikiri. Hatimaye akasema tusirudie. Watazamaji hawatamwona mjomba. Watamwona mzee mkaidi amemwinamia mwenyekiti, na hilo ni zuri kuliko maneno aliyokuwa ameyaandika.

Miezi ikapita, picha ikaletwa kwetu. Ilionyeshwa mchana darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya kuazima, na kwa baridi ya Ufipa anayekuazima blanketi anakupenda kweli. Mama, aliyekuja kutimiza ile mara yake moja, alikaa benchi la mbele, nami ubavuni kwake. Nilipotokea nikamgusa.

"Mama, yule ni mimi."

Akautazama ukuta, akanigeukia. "Acha uongo. Yule ni mzee wa watu."

Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Kazi nilikuwa nimeifanya vizuri hata mama mzazi hanioni. Sasa angebariki nini? Nikaanza kuikumbuka chaki.

Ikafika ile sehemu ya mlangoni. Mzee akapiga goti, akaanza makofi yake. Mama akanidaka mkono.

"Goti la kushoto!" akasema kwa Kifipa, na mtu wa benchi la nyuma alisikia vizuri. "La kulia aliungua jikoni kwangu, tangu hapo huanza na la kushoto. Yule ni mwanangu!"

Darasa zima likacheka. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Tangu hapo nimezeeka katika filamu kadhaa. Nimekuwa babu, mlevi, mlinzi, mganga; kijana sijapewa hata mmoja, na sikosi usingizi kwa hilo. Siku hizi mvi ni zangu mwenyewe. Ila siku ile ya picha mama hakutamka neno la baraka hata moja, nami niliona haya kumuuliza. Asubuhi yake nilipokuwa naondoka kurudi kwenye kikundi, alinipa unga kidogo aliokuwa ameufunga vizuri kwenye kipande cha kanga.

"Wa kupikia, mama?"

"Wa kichwani," akasema.