Pampu Ikinyamaza

Saa kumi na moja alfajiri, mama mfupi aliyekunja mikono ya ovaroli lake anaweka kichwa cha spana juu ya pampu, kisha anabandika sikio kwenye mpini. Anafumba macho na kusikiliza kama daktari anayepima kifua cha mgonjwa.

"Beringi imeanza kulalamika," anasema, na kucheka bila furaha. "Wacha ilalamike. Leo jioni tunaipumzisha."

Wenzake humwita Mama Pampu. Kwa miaka kumi na tisa ameendesha mashine inayovuta maji kutoka chini ya mgodi wa makaa ya mawe, wachimbaji wasije wakazama. Mgodi ulifungwa miezi mitano iliyopita. Wafanyakazi zaidi ya mia sita walirudishwa nyumbani, mumewe akiwamo. Yeye alibakishwa kwa sababu mafundi wachache walikuwa bado chini, waking'oa reli na nyaya za umeme. Wa mwisho wanatoka leo. Baada ya hapo pampu inazimwa na maji yanapanda.

Mtaani hakuna anayetaka kusikia habari hiyo. Mgodi huu uliwahi kufungwa zamani, pampu ikaachwa inanguruma, na miezi saba baadaye watu wakaitwa kazini. Tangu hapo imekuwa imani: pampu ikilia, kazi ipo.

Mumewe, mkata makaa anayejulikana kwa jina la Nyundo, ameing'ang'ania imani hiyo kwa mikono miwili. Kila asubuhi anapaka buti zake mafuta, anakaa kizingitini na kutega sikio.

"Mgodi uliokufa hauvutwi maji," anasema. "Mke wangu ni mtu wa juu. Sisi wa chini ndio tunaojua."

"Baba, wanang'oa reli!" mkewe alimjibu juzi kutoka jikoni. "Mtu anayetaka kurudi kulala hung'oa kitanda?"

"Watu hubadilisha vitanda, mama watoto."

Msaada upo. Walioachishwa kazi wameandaliwa mafunzo ya bure ya ufundi umeme, pamoja na posho ya chakula kwa miezi sita. Darasa lina nafasi mia mbili, na waliojiandikisha hawafiki hamsini. Uandikishaji unafungwa kesho, Jumamosi, saa sita mchana. Mshauri wa wafanyakazi, mwanamke mpole anayepita nyumba kwa nyumba, anasema hufukuzwa kama mdai.

"Wananiambia nimetumwa kuwatoa kwenye foleni ya kurudi kazini," anasema.

Mshahara wa Mama Pampu, ambao ndio pekee ndani ya nyumba, unaishia mwezi huu. Chumba kimoja wameshakipangisha. Binti yao amesimamisha masomo.

"Nimeongea na baba watoto mpaka ulimi umeota sugu," anasema. "Mama mkwe anasema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mimi nalipenda hilo sikio."

Kwa nini basi hakuizima pampu mapema, ili mumewe aamini? Swali hilo linamkasirisha.

"Kuna watu chini! Miaka yote hiyo sikuizima kwa sababu yeye alikuwa chini. Leo niizime kwa sababu yuko juu?"

Saa kumi jioni mafundi wa mwisho wanapanda, weusi tititi. Msimamizi anawahesabu. Ndipo Mama Pampu anapofanya jambo aliloliombea ruhusa: anamwita mumewe, ambaye ameshinda getini. Nyundo anaingia na buti zake zinazong'aa. Mkewe anampa spana na kumwonyesha pa kuweka sikio.

"Sikiliza," anamwambia, kisha anabonyeza swichi.

Pampu inashusha sauti, inakohoa, inanyamaza. Nyundo hainui kichwa. Anaendelea kukisikiliza chuma kilichonyamaza, mpaka msimamizi anageuka na kutazama ukuta.

"Maji yanapanda?" anauliza hatimaye.

"Yanapanda, baba."

Analia waziwazi, na hakuna anayemcheka. Nje, watu wametoka vizingitini na kusimama, kila mmoja akimtazama jirani yake. Inaumiza kuwaona.

Jumamosi asubuhi Mama Pampu ameshavaa gauni lake jema. Naye anakwenda kujiandikisha kwenye mafunzo. Anataka siku moja yeye na mumewe wafungue karakana ndogo ya kutengeneza mota na pampu za visima.

"Nikipata mteja mmoja kwa wiki, nitashukuru," anasema. "Sijidanganyi kwamba itakuwa kama mshahara."

Saa inakwenda. Nyundo bado amekaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza buti hazijapakwa mafuta.

"Baba, twende. Watafunga."

"Huko hawanijui," anasema Nyundo. "Wataniita nani?"

"Mwanafunzi."

Anazitazama buti zilizo mbele ya miguu yake. Kisha anainuka, anazisogeza kando ya ukuta mtu asije akajikwaa, na kuvaa kandambili.